Mlango wa Sinagogi na Wajibu wa Walio Nje

Nyumba ya ibada hujengwa ili watu waingie, na ndiyo maana kuilinda ni kazi ngumu kuliko kulinda benki au ghala, ambako hakuna anayelalamika akikuta mlango umefungwa. Sinagogi, yaani nyumba ambamo Wayahudi hukusanyika kusali na kuisoma Torati, lina ugumu wake wa ziada, kwa kuwa sheria ya dini yao inataka wapatikane watu wazima kumi, idadi iitwayo minyan, ndipo baadhi ya sala ziweze kusaliwa kwa jamaa. Hofu ikiwabakiza wachache majumbani, katika jumuiya kubwa nafasi zitaonekana wazi hapa na pale, lakini katika jumuiya ndogo ibada yenyewe itakuwa imezimwa bila hata risasi moja kupigwa. Wanaodhani kwamba usalama wa masinagogi ni shauri la Wayahudi peke yao, walipie walinzi wao na wainue kuta zao, wanapaswa kulitazama jambo hili upya.

Tarehe 9 Oktoba 2019 iliangukia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi hufunga kula na kunywa tangu machweo hadi usiku wa siku inayofuata, na ambayo hata mtu asiyekanyaga sinagogini mwaka mzima hujitahidi kufika. Katika mji wa Halle, mashariki mwa Ujerumani, watu zaidi ya 50 walikuwa katika sala walipoona kwenye skrini ya kamera ya ulinzi mtu mwenye silaha akihangaika kuingia. Aliufyatulia mlango risasi, akarusha juu ya ukuta mabomu aliyoyaunda mwenyewe, lakini mlango haukufunguka. Ulikuwa mlango wa mbao za mwaloni, kazi ya seremala, uliofungwa kwa kitasa imara, na mbele yake hapakuwa na askari polisi hata mmoja, ingawa yeyote mwenye kalenda ya Kiyahudi angejua kuwa siku hiyo nyumba imejaa. Waumini waliziba njia kwa samani, wakasubiri, wakaendelea na sala. Na walipotolewa hatimaye na kupelekwa hospitalini, walimalizia hukohuko sala za kuifunga siku. Mlango ule, wenye matundu ya risasi, umeondolewa tangu hapo na kufanywa sehemu ya kumbukumbu katika ua wa sinagogi.

Kabla ya kukamatwa, mtu yule alikuwa amemuua mwanamke aliyekuwa akipita njia karibu na sinagogi, na kijana aliyekuwa katika duka la kebabu. Wote wawili hawakuwa Wayahudi. Watu wa pwani ya Kenya hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwani tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa kwa kuwa mwenyewe na wageni wake walikuwa Waisraeli, waliouawa, ukiwaacha washambuliaji, walikuwa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Chuki inayomtafuta Myahudi haina shabaha nzuri, na jirani anayejiambia kuwa haimhusu anajidanganya hata katika hesabu ya maslahi yake mwenyewe, achilia mbali hesabu ya utu.

Ipo hoja nzito inayotolewa na Wayahudi wenyewe, kwamba geti, kamera na ukaguzi wa mifuko huigeuza nyumba ya Mungu kuwa ngome, ilhali wao ni watoto wa Ibrahimu, aliyekimbia juani kuwalaki wageni asiowajua. Hoja hiyo ilijaribiwa vikali tarehe 15 Januari 2022 huko Colleyville, katika jimbo la Texas, pale rabi, ndiye mwalimu na kiongozi wa ibada, Charlie Cytron-Walker, alipomkaribisha mgeni asubuhi ya baridi na kumwandalia chai. Mgeni alikuwa na bastola, akamshika mateka pamoja na waumini watatu, mmoja akaachiwa mapema na waliosalia wakakaa mikononi mwake kwa takribani saa 11, mpaka rabi alipomrushia kiti na wote wakatoka mbio. Wapo watakaosema chai ile ilikuwa uzembe. Lakini mwenye kumimina chai ndiye huyohuyo aliyejua wakati wa kurusha kiti, na mwenyewe alieleza kwamba mafunzo ya usalama aliyohudhuria ndiyo yaliyowaokoa. Ukarimu na tahadhari vilikaa katika mtu mmoja bila kugombana.

Hata sheria ya dini haikuacha pengo hapo. Siku ya Sabato Myahudi mshika dini hafanyi kazi wala hatumii simu, lakini kanuni iitwayo pikuach nefesh, maana yake kuokoa roho ya mtu, hutangulizwa mbele ya karibu kila katazo. Ndiyo sababu Jeffrey Myers, rabi wa jumuiya ya Tree of Life mjini Pittsburgh, alikuwa na simu mfukoni Sabato ya tarehe 27 Oktoba 2018, baada ya kushauriwa na mtaalamu wa usalama, na aliweza kuwapigia polisi wakati muuaji angali ndani. Siku hiyo watu 11 walipoteza maisha. Kwa hiyo jumuiya na zifundishe watu wao njia za kutokea, nani afunge mlango na nani apige simu, na zisione haya kulifanya hilo kabla ya sala.

Lakini mafunzo na makomeo vina mwisho wake, na ni dhuluma kumlipisha muumini kodi ya pili ili apate usalama ambao raia mwenzake anaupata kwa kodi ya kwanza. Mjini Copenhagen, usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2015, aliyeuawa nje ya sinagogi alikuwa Dan Uzan, Myahudi wa jumuiya hiyohiyo aliyejitolea kusimama mlangoni wakati ndani familia moja ikisherehekea binti yao. Mjini Buenos Aires, tangu bomu la tarehe 18 Julai 1994 lilipoua watu 85 katika jengo la jumuiya liitwalo AMIA, nguzo fupi za zege zimepandwa kandokando ya njia mbele ya shule na masinagogi ili gari lisiweze kusogea, hata mpita njia hulitambua jengo la Kiyahudi kwa nguzo zake kabla hajaona jina lolote ukutani. Serikali za Uingereza na Marekani hutoa ruzuku kwa ulinzi wa aina hii, na zinastahili sifa, ingawa ruzuku ya nguzo ni rahisi kuliko kuing'oa chuki inayozidai.

Wajibu wa jirani ni mwepesi zaidi, na pengine ndio unaosahaulika kwanza. Tarehe 21 Februari 2015 vijana Waislamu wa Oslo waliwaita watu wazunguke sinagogi la mji wao, na waliofika walizidi 1,000. Kenya nayo, baada ya makanisa mawili kushambuliwa Garissa tarehe 1 Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kuwa vijana wao watayalinda makanisa. Jirani wa namna hiyo hamwulizi kwanza mwenye kusali maoni yake kuhusu vita vya mbali, kwa maana mzee anayekwenda kusali mtaani kwake si balozi wa nchi yoyote.

Kila mwenye kuvaa sare ya ulinzi na autafakari usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, wakati masinagogi ya Ujerumani, la zamani la Halle likiwa mojawapo, yalipoteketezwa huku polisi wakiwa wameagizwa wasiingilie, na wazima moto wakimwaga maji kwenye nyumba za jirani tu. Katika mtaa wa Oranienburger mjini Berlin, sinagogi kubwa liitwalo Neue Synagoge lilikuwa limekwisha tiwa moto askari wa kituo cha Hackescher Markt walipofika. Bastola mkononi, waliwaambia wachomaji kuwa jengo hilo limo katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, wakawafukuza, wakawaita wazima moto, nao wakaja wakauzima. Mkuu wa kituo hicho, Wilhelm Krützfeld, aliitwa mbele ya mkuu wa polisi wa jiji ajieleze. Alikemewa, akarudi kazini.