Nimonia Haitoki kwenye Ukungu wa Vuria

Juni ikiingia, meza za nje katika mikahawa ya Wundanyi na Mwatate huanza kuondolewa. Mapazia ya plastiki huteremshwa, madirisha hukazwa, na mteja anayeomba kuandaliwa barazani huambiwa kwa huruma ya kweli: utashikwa na nimonia. Kauli hiyo nimeisikia kwa wazee, kwa walimu, hata kwa watu waliosomea uuguzi. Haina ukweli, na madhara yake yanazidi kumkosesha mtu mandhari ya milima.

Nimonia huletwa na vijidudu: bakteria wa pnyumokokasi, virusi vya homa ya mafua na wengine wa aina yao. Ukungu unaoshuka kutoka Vuria, kilele chetu cha mita 2,208, hauzai hata kimoja. Vijidudu hivyo hutoka kooni na mapafuni mwa mtu mwingine, vikaelea katika matone madogo yasiyoonekana, na vikipata chumba kilichofungwa hujazana humo. Mtu akikohoa barazani, upepo wa kusi huyatawanya matone hayo kabla hayajafika meza ya pili. Nakubali kwamba baridi hupunguza kiasi nguvu ya pua kupambana na virusi. Lakini asiyekutana na kijidudu haugui, hata akila chakula cha jioni juu ya mwamba. Na kinachotukutanisha navyo ni huko kukimbilia ndani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea mkahawani. Januari 2020, katika mji wa Guangzhou nchini China, familia tatu zilikula chakula cha mchana kwenye meza zilizopakana. Chumba hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi kilizungusha hewa ileile kutoka meza hadi meza. Mlaji mmoja alikuwa na virusi vya korona. Kwa jumla watu kumi wa familia hizo tatu waliugua. Wahudumu na wateja waliokuwa nje ya mkondo wa hewa ile walisalimika. Chakula hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa hewa.

Sasa panda matatu kutoka Voi kwenda Wundanyi asubuhi ya Julai. Ikishapita Mwatate na kuanza kupanda kona za mlima, kila dirisha limefungwa. Nyuma kuna anayekohoa, mbele kuna mtoto mwenye kamasi, na abiria 14 wanagawana pumzi moja hadi kituoni. Jaribu kufungua dirisha upana wa vidole viwili uone utakavyokemewa. Wiki ikiisha nusu yao wana kikohozi, na lawama zote huangukia baridi. Kifua kikuu nacho husambaa kwa njia hiyohiyo ya hewa, na hakingoji Julai.

Wapo wanaosema kula nje wakati wa baridi ni mambo ya watu wa nchi za joto tu. Wagiriki, ambao si wageni kwetu, wanaonyesha vingine. Walilima mkonge na kahawa huko Tanga, Moshi na Arusha, na Basil Criticos, mwenye asili hiyo, aliwahi kuwa mbunge wa Taveta. Athens usiku wa Januari joto hushuka hadi digrii saba hivi, baridi kuliko Wundanyi ya Julai, na bado mikahawa ya bei ghali huweka meza nje. Watu huja na makoti yao, wakala pweza wa kuchoma na nyama ya kondoo chini ya vipasha joto vya gesi. Wanakosea pale tu wanapoteremsha plastiki pande zote nne, maana hapo baraza imegeuka chumba.

Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti papo hapo Wundanyi. Waulizeni Wafini wa kituo hicho watoto wachanga kwao hulala wapi mchana. Ni desturi ya kawaida kumlaza mtoto nje ndani ya kigari, amefunikwa vizuri, theluji ikiwa chini. Mtoto hukingwa kwa kuvishwa. Hakuna anayemkinga kwa kumnyima hewa.

Jambo linaloniuma hasa ni lile linalotokea majumbani. Baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa chumbani na kila tundu likazibwa kwa matambara. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukamata nafasi ya oksijeni katika damu. Kenya imezoea habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ikakutwa asubuhi imekufa. Watu hao walikuwa wakikimbia baridi, kwa sababu tangu utotoni walifundishwa kwamba baridi ndiyo muuaji. Moshi wa jikoni nao huongeza nimonia kwa watoto wadogo, tena ndani ya nyumba iliyozibwa kwa ajili ya kuwakinga nimonia. Kama tunataka kuwalinda, ipo chanjo ya pnyumokokasi ambayo Kenya iliianza mwaka 2011. Mama akihakikisha mtoto amemaliza dozi zake zote amefanya kazi ambayo masweta matatu hayawezi.

Mzee dhaifu asikalishwe kwenye upepo, na aliyelowa mvua abadilishe nguo kwanza. Hilo silipingi. Ila wenye hoteli hawana sababu ya kuzifunga baraza zao miezi mitatu. Mgeni anayelala Salt Lick au Kilaguni hulipa pesa nyingi ili ale akiitazama nyika mbele yake. Mteja wa Wundanyi naye anastahili kula kimanga cha moto huku akiutazama ukungu ukipanda na kushuka. Kinachohitajika ni paa, ukuta upande mmoja unakotoka upepo, jiko kubwa la mkaa nje palipo wazi, shuka la Kimasai kwenye kila kiti, na supu ya mbuzi ifike mezani ikitoa mvuke. Asiyetaka nje apewe meza ya ndani yenye dirisha lililo wazi.

Maafisa wa afya ya umma wa kaunti hukagua mikahawa. Huangalia jikoni, choo na vyeti vya wapishi, na ni haki yao. Naomba msimu huu waingie pia katika ukumbi wa kulia chakula saa mbili za usiku, watu wakiwa wamejaa, wajaribu kufungua madirisha. Yakiwa yamepigiliwa misumari, waamuru yafunguliwe usiku huohuo.