Ua la Shangazi na Mbuzi wa Doldol

Mlezi wa chama chetu alipotugawia kurasa za jarida la mwaka huu alitoa onyo moja tu: siasa marufuku. Nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu," nikaahidi kuandika juu ya ua. Na kweli ni ua ninaloliandikia. Lakini likikuchoma, usiseme hukuambiwa.

Shangazi yangu anaishi Nanyuki. Sebuleni mwake, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, kuna chungu kikubwa chenye dungusi kakati, yaani mpungate, ule wa vipande vipana vilivyobebana kama chapati zilizosimamishwa wima. Shangazi anaupenda mmea huo ajabu. Huupangusa vumbi kwa brashi ya rangi, maana kitambaa hunasa miiba. Ukitoa maua yake ya manjano, majirani huitwa waje waone. Mgeni akifika, mpungate hutambulishwa kwanza na sisi watoto baadaye, tena ikiwa chai haijapoa. Na akiaga, humegewa kipande akapande kwake.

Likizo ya Agosti nilimleta rafiki yangu ambaye tunakaa dawati moja. Kwao ni upande wa Doldol, kaskazini mwa Laikipia. Alipoingia sebuleni alisimama ghafla kama aliyekanyaga nyoka. Shangazi akamwambia kwa furaha, "Karibu mwanangu, huu ndio mpungate wangu." Yule kijana akajibu kwa heshima zote, "Asante, shangazi. Kwetu huu ndio uliomaliza mbuzi wa mama." Shangazi akacheka akidhani ni mzaha wa vijana. Nami nikacheka. Kicheko changu hicho kimenisumbua tangu siku ile.

Wiki iliyofuata nilipanda matatu nikaenda kwao nijionee. Wacha wee! Nilidhani nitaona mipungate kumi, ishirini hivi. Kumbe ni nchi nzima. Mahali palipokuwa malisho pamefunikwa, hata njia ya kwenda mtoni inabidi ikatwe kwa panga kila baada ya muda. Kiangazi nyasi zikiisha, mbuzi hukimbilia tunda la mpungate kwa sababu ni tamu na lina maji. Ile miiba mikubwa unaiona na kuiepuka. Balaa ni vijiba vidogo kama manyoya, vinavyonasa kwenye midomo, ulimi, ufizi, hata tumboni. Nilimwona mama wa rafiki yangu amembana mbuzi katikati ya magoti, akimchomoa vijiba mdomoni kimoja kimoja kwa kucha. Mbuzi mwingine alikuwa na jicho jeupe, amepofuka. Mnyama wa namna hiyo hawezi kula, hukonda mpaka akafa. Zizi lao lilijengwa kwa ajili ya mbuzi wengi. Niliwahesabu kumi na saba.

Mmea huu si wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika. Inasimuliwa kuwa uliletwa Doldol wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, na afisa mmoja wa utawala, bwana shauri kama walivyoitwa, awe na pambo na ua la kuzungushia makao yake. Tazama Kiswahili kilivyo: ua la kunusa na ua wa kuzungusha, na bwana huyo alipata yote mawili kwa mche mmoja. Baadaye mabwana shauri wakaenda zao, mpungate ukabaki. Nyani na ndovu hula matunda na kutawanya mbegu, na kipande kikianguka tu chini kinatoa mizizi.

Sasa tufike kwenye lile nililokatazwa. Jioni tuliketi nje na wazee, nikawauliza kwa nini hawajapata msaada. Mzee mmoja alicheka, kicheko kisicho na furaha. Akasema kabla ya uchaguzi wa mwaka wa 2022 mheshimiwa mmoja alifika barazani, akashika panga, akakata mpungate mbele ya kamera, akapigiwa makofi, akaondoka. Vile vipande alivyokata viliachwa pale pale chini. Leo kila kimoja ni mti. Mwingine alipoulizwa, akasema hayo ni ya kaunti. Wakaenda kaunti, wakaambiwa hayo ni ya Nairobi. Ndiyo maana kule wananchi wamenuna. Mimi nasema wana haki ya kununa, na atakayeita manung'uniko yao uchochezi aende kwanza akachomoe vijiba mdomoni mwa mbuzi.

Kinachowauma zaidi si hata ule mmea. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza. Bwana shauri hakuuliza alipopanda. Serikali huru iliyomrithi haikuuliza mmea ulipokuwa ungali mdogo na unang'oleka. Nasi tulio mjini tunaupamba vyunguni, wala hatujawahi kuuliza unafanya nini ukivuka barabara.

Hata hivyo nisiwe kama wakili wa upande mmoja. Mpungate hushika upesi zaidi penye udongo mtupu, na udongo ule uliachwa mtupu kwa kulishwa kupita kiasi, baada ya watu na mifugo kubanwa mahali pamoja. Baba wa rafiki yangu alikiri hivyo mwenyewe, kwa sauti ya chini. Aidha, si kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka wa 2014 watafiti walileta kidudu kidogo kinachofyonza maji ya mpungate mpaka unanyauka. Ukiona kitu cheupe kama pamba juu ya mmea, ndicho hicho. Ukikiponda, kinatoa rangi nyekundu kama damu. Mzee mmoja aliniuliza, "Na kikimaliza mpungate kitakula nini, mahindi yenu?" La. Chakula chake ni jamii ya mpungate tu. Lakini si swali la kijinga, na mtu aliyejibiwa mapema husaidia kukieneza. Wako pia akina mama wa Laikipia wanaogeuza lile tunda kuwa jemu na juisi. Kazi njema, ila jemu haiwezi kumaliza msitu.

Atakayesema haiwezekani, asome habari za Australia. Huko mpungate uliingizwa mwaka wa 1788 kwa ajili ya rangi ya wadudu wa jamii hiyo hiyo. Kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefunika takriban hekta milioni 24, wakulima wakahama mashamba. Serikali ikaunda tume, ikaleta nondo kutoka Argentina, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1930 sehemu kubwa ilikuwa imefunguka tena. Kijiji kimoja, Boonarga, kilimjengea nondo huyo ukumbi wa ukumbusho. Ebu fikiria, ndugu msomaji: mdudu ana ukumbi!

Kwetu mchezo wa kurushiana mpira unaweza kukomeshwa kwa karatasi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 limezipa kaunti kazi ya kilimo na ufugaji, pamoja na kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi mbele ya bunge la kaunti. Yeyote! Haikusema mpaka awe mzee wa kijiji au rafiki ya mheshimiwa. Basi rafiki yangu na mimi tumeandika ombi la kurasa mbili, kwa Kiswahili, tukiomba bunge liseme wazi kazi hii ni ya nani, na wenyeji waitwe wasikizwe kabla ya fedha kupangwa. Wazee wametia sahihi, wengine dole gumba. Walimu wawili pia wametia, siwataji. Mwalimu mlezi amesoma makala haya mara mbili na bado hajaniita ofisini.

Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi lile ombi. Alisoma polepole, miwani puani, mpaka mwisho. Akasema, "Huu wangu uko chunguni, hauendi popote." Nikanyamaza. Akaomba kalamu akatia sahihi, ya kumi na tisa, kisha akachukua brashi yake akaenda kuupangusa mpungate kama kawaida. Lakini Jumapili alipokuja mgeni kutoka kanisani akausifu na kuomba kipande, shangazi alimwambia hakuna kilichokomaa. Vilikuwa sita.