Damu ya Mzee Katika Nyumba ya Mawe



Safu hii imezoea kuulizwa juu ya eda, mahari na malezi. Juma hili tumeulizwa juu ya rangi. Nyumba moja ya mawe mjini Amu imepata bibi arusi, na kama ilivyo ada yetu, binti haondoki kwao. Atakaa orofa ya juu na mumewe ndiye atakayehamia. Binti ametaka kuta za sabule, msana na ndani zipakwe damu ya mzee, ule wekundu uliokolea hata ukaingia kahawia. Bibi yake amekataa katakata. Fundi ameshapokea arubuni, na watu wa nyumba moja hawasemezani ilhali arusi i karibu.

Rangi yenyewe haina hatia. Kupaka ukuta ni katika mambo ya mubaha, na sharia haitazami kopo, hutazama israfu, madhara na haki ya mwenzio. Wala damu ya mzee si mgeni kwetu. Ni rangi ya bambakofi katika mlango wa nakshi uliokwisha kushikwa na mikono ya vizazi vitatu. Ni rangi ya maji yaliyorowekwa magome ya mkandaa, na ya mbao za jahazi zilizonyweshwa sifa. Katika baadhi ya nyumba za kale boriti zenyewe zilipakwa wekundu na weusi, ukitazama juu ukaona mistari imepangana kama ukili wa mkeka. Anayesema binti ameleta mambo ya runinga hajainua macho kutazama dari ya kwao.

Lakini na atazame pia rangi hiyo imekaa wapi. Imekaa katika mti. Ukuta uliachwa mweupe, na wazee hawakufanya hivyo kwa uchache wa rangi. Boriti ya mkoko haibebi dari pana, kwa kawaida haifiki mita 3, kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Madirisha ya nje ni machache kwa ajili ya sitara. Mwanga huingia kwa kiwanda, ukapita msana wa tini, kisha msana wa yuu, na ukifika ndani umekwisha kuchoka. Neru nyeupe ndiyo inayoupokea na kuusukuma mbele, na zidaka zenye sahani za kaure huumetesha. Ukizipaka kuta hizo damu ya mzee, utawasha taa adhuhuri, na bili ya umeme haitamsubiri bwana arusi azoee.

Hilo la mwanga ni dogo. Kubwa ni ukuta wenyewe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka ardhini na katika hewa ya bahari, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiuvika rangi ya mafuta, na hata nyingi kati ya rangi za maji zilizo na plastiki, umeuziba pumzi. Unyevu hukaa ndani pamoja na chumvi yake. Rangi hufanya malengelenge, lipu hubambuka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza. Tumeziona kuta za namna hii zaidi ya moja. Fundi huja tena, hupiga msasa, hupaka tena, na mwenye nyumba hulipa mara ya pili kuficha alichokilipia mara ya kwanza.

Basi tungemwambia binti hivi. Sabule ni chumba cha wageni, nayo yaweza kupokea wekundu wake katika milango, fremu, mito na pazia. Katika msana, boriti zipakwe damu ya mzee. Rangi ikiwa juu na neru ikiwa chini, chumba huonekana kimevaa. Ndani paachwe peupe. Huko ndiko watakakolala, huko ndiko mtoto atakakozaliwa inshallah au atakakonyonyeshwa, na mama mwenye mtoto mchanga ahitaji kumwona rangi ya uso wake bila kutafuta taa. Choo na birika havigusi rangi ya mafuta kabisa. Akipenda ukuta mmoja uwe na joto la wekundu, fundi wa chokaa aweza kuchanganya udongo mwekundu katika chokaa yenyewe. Itatoka nyepesi kuliko ya kopo, lakini ukuta utaendelea kupumua.

Walio katika nyumba mpya za matofali na saruji, huko Wiyoni na Mokowe, mambo yao ni mepesi zaidi. Ukuta mmoja wa sebule, ule unaotazamana na dirisha, wauchukua wekundu huo vizuri. Wa nje unaopigwa na jua la alasiri wasiuguse, kwani rangi nzito hunywa joto.

Limebaki neno ambalo waulizaji hawakulitaja. Nyumba hii ni ya mirathi ambayo haijagawanywa. Warithi wako Amu na wengine Mombasa, na kila mmoja ana fungu lake katika kila ukuta. Bibi hakutumia hoja hii, naye alikuwa na haki ya kuitumia. Pazia na mito ni mali ya binti. Boriti si zake peke yake. Na wapigiwe simu walio mbali kabla ya brashi kuchovywa. Na kwa kuwa mji wa kale umo katika urithi wa dunia tangu 2001, lolote litakaloonekana kwa nje laulizwa kwanza ofisi ya Makumbusho.

Arubuni isidaiwe kurudishwa. Fundi apewe milango na, warithi wakiridhia, boriti za msana. Kazi hiyo yatosha siku alizolipwa. Aanze na ubao mmoja, usimamishwe msanani, bibi na mjukuu wautazame pamoja asubuhi, kisha usiku kwa taa, kabla ya kopo la pili kufunguliwa.