Kapteni ana kaburi, wapagazi wana soko

Juma lililopita nilipitia soko la Kariokor, nikawakuta wanafunzi wawili wakichagua ndara za akala. Niliwauliza maana ya jina la mahali hapo. Mmoja alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, nadhani ni jina la Mzungu fulani."

Jibu hilo limeninyima raha. Mzungu aliyekumbukwa katika vita hivyo ninamjua, wala simbezi. Kapteni Frederick Selous alizaliwa London mwaka wa 1851, akaja kusini mwa Afrika akiwa na umri wa miaka 19, akavuma kwa uwindaji. Hakuwa malaika: mwaka wa 1890 aliwaongoza walowezi wa Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alikwisha kupita umri wa kupigana, lakini alisisitiza hata akakubaliwa. Mwaka wa 1915 alishuka Mombasa pamoja na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, akapigana Bukoba, na baadaye akatunukiwa nishani ya DSO. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 65. Alizikwa huko huko, na mbuga kubwa ikapewa jina lake. Sehemu kubwa ya mbuga hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka wa 2019.

Ushujaa wake siukani. Nauliza tu: chakula chake na risasi zake vilifikaje Rufiji? Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, hivyo mizigo ikatwikwa vichwani mwa watu. Hao ndio Carrier Corps, jina lililogeuka kuwa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi walitwaliwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka wa 2021, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Yuko atakayesema kwamba tunayo sanamu ya mpagazi katika barabara ya Kenyatta tangu mwaka wa 1928. Kweli, lakini mpagazi yule hana jina.

Walimu wenzangu, tusimwondoe Kapteni katika somo la historia. Tumsomeshe, kisha tuwaweke kando yake waliombebea mizigo. Nanyi wanafunzi wa Ziwani, Pumwani, Shauri Moyo na kwingineko, likizo ijayo waulizeni wazee: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa Kariokor asirudi? Liandikeni jina lake na kijiji chake daftarini, kabla wazee hao hawajatutoka.

Nitarudi sokoni. Natumaini nitawakuta wale vijana wakiwa na jibu jingine.