Anayetaka Kusomea Mimea, Mwacheni Asome

Mtoto akisema anataka kusomea udaktari, nyumba nzima inashangilia. Akisema uhandisi wa mafuta, halua inapikwa siku hiyo hiyo. Akisema anataka kusomea mimea na usanifu wa mandhari, kimya. Kisha utasikia: "Yaani ukae chuo miaka mitano, uje uwe mtunza bustani?"

Swali hilo kaulizwa binti wa ndugu yangu hapa Ganshoren, Brussels, na jamaa zetu wa Maskati kwa simu, na najua si yeye peke yake. Mimi sekondari nilisoma kwa mapadri, ambako kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake la mboga, na baadaye nikafundisha jiografia mpaka nikastaafu. Nasema wazi: anayeitaka fani hii, mwacheni asome.

Kwanza tujue ni nini. Elimu ya uoto inauliza: hapa pameota nini, kwa nini hiki na si kile, na ukikiondoa kitafuata nini? Usanifu wa mandhari unachukua majibu hayo na kuyatia kwenye mchoro: njia ipite wapi, maji ya mvua yaende wapi, kivuli kiangukie wapi saa nane mchana. Hapa Ubelgiji shahada ya uzamili ya fani hii, kwa Kifaransa, inafundishwa kwa ushirikiano wa kitivo cha Gembloux cha Chuo Kikuu cha Liège na Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Wanasoma udongo, maji, ramani na michoro. Si kumwagilia maua.

Mfano upo hapa hapa mtaani. Ganshoren ni manispaa ndogo iliyojaa nyumba, na basilika kubwa la Koekelberg liko mpakani mwake. Lakini bondeni, kwenye kijito cha Molenbeek, kimeachwa kinamasi. Mpita njia anaona matete na matope tu. Mwenye elimu anaona sponji: mvua ikizidi, maji yanapata pa kukaa. Na matete nayo yanataka mtu wa kuyaangalia. Yasipofyekwa kabisa, majani makavu yanarundikana, mierebi inaota, na mwishowe kinamasi kinageuka kichaka. Ufyeke lini, upande upi, ndege uwaachie kiasi gani? Hilo ndilo somo lenyewe.

Sasa tuje kwetu, Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Palikuwa mawe matupu, jua kali, na maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na ule mti ambao Ghuba tunauita damas. Mivinje ikashika, lakini majani yake yakaanguka bila kuoza. Akaleta majongoo. Wakayala majani, na kinyesi chao kikawa chanzo cha udongo. Leo pale ni msitu, Haller Park, na watu wanalipa kiingilio. Jamani, majongoo!

Hebu tuutazame huo damas. Bamburi umekuwa rehema. Huku Ghuba umepandwa kando ya kuta na barabara kwa sababu unakua haraka, na wenye nyumba wengi wanajua kilichofuata: mizizi inayatafuta maji mpaka ndani ya mabomba. Mti ni ule ule. Tofauti ni mahali, na kwamba mmoja alijaribu na kupima, mwengine kapanda tu.

Na hasara haiishii kwenye mabomba. Aprili 2024 mvua ilizipiga Oman na Emirates. Khatm Al Shakla, huko Al Ain, zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika saa 24. Oman, sehemu za Samad al-Shan, wanafunzi walichukuliwa na maji ya wadi. Mimi mwalimu siwezi kuipita habari ile hivi hivi. Sisemi miti peke yake ingeliwaokoa. Nasema wadi ina njia yake hata ikikauka miaka, na anayejua kuusoma uoto anaiona njia hiyo kwa mikunazi na migunga ilivyojipanga, kabla tingatinga halijafika na kabla mtu hajachora barabara juu yake.

"Atakula nini?" Swali la haki. Huenda mshahara usifike ule wa mhandisi wa mafuta, na tusimdanganye mtoto. Lakini Saudia mwaka 2021 ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 10. Oman nayo ina mradi wa Bustani ya Mimea pale Al Khoud. Nani atachagua mti upi uende wapi, katika nchi ambazo maji mengi ya bomba ni ya bahari yaliyosafishwa kwa gharama? Wasiposoma wetu, tutaendelea kuagiza wataalamu.

Basi badala ya kumkatisha tamaa, muulizeni maswali ya maana. Lugha ya kusomea anaimudu? Shahada hiyo itatambuliwa atakakorudi? Wizara husika ijibu kwa maandishi kabla hajalipa ada. Waliomaliza wako kazini wapi? Na likizo moja akafanye kazi kwenye kitalu cha miche, mwezi wa Agosti, Maskati. Akitoka huko bado anaitaka, huyo kweli anaitaka.

Sisi tumefundishwa kwamba kupanda mti wanaokula watu na ndege ni sadaka. Kujua mti upi, na upandwe wapi, ni katika sadaka hiyo hiyo.