Anayepita Mlangoni Pako: Wito kwa Watu wa Reli ya Ubundu

Ndugu zangu wa Lubunga, Biaro, Obilo na Ubundu mjini. Akina mama mnaoshuka mashua za kutoka Kindu na vikapu vya samaki wakavu. Vijana wa toleka mnaosukuma baiskeli zilizolemewa madumu ya mawese. Walimu, wachungaji, maimamu na machifu: maneno haya ni yenu. Nina ombi, ila lina historia nyuma yake, na sipendi kulitoa kabla sijaieleza.

Reli yetu ni fupi. Kutoka Lubunga, ng'ambo ya Kisangani, hadi Ubundu ni kilomita 125 tu. Ilijengwa kati ya 1903 na 1906, enzi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, enzi ya kazi za shuruti. Sababu yake ni mto. Baina ya Ubundu na Kisangani maji ya Lualaba huteremka maporomoko saba ya Boyoma, wala hakuna chombo cha mizigo kinachothubutu kupita. Mashua ya kutoka Kindu hukoma Ubundu. Meli ya kutoka Kinshasa hukoma Kisangani. Kila mtu na kila kitu sharti kishuke, kipite nchi kavu, kisha kipande tena. Ndiyo maana tangu mji wa Ubundu ukiitwa Ponthierville, sisi ni watu wa kupitiwa. Wageni hutufikia wakiwa wamechoka, mzigo kichwani, hawamjui yeyote.

Watu wakijadili maana ya maisha hupenda kutazama juu, mawinguni. Mimi naona kwetu jambo hilo liko chini, kwenye mataruma ya reli. Tunamfanyia nini anayepita asiye na cha kutulipa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni maneno matamu kuyatamka wakati mgeni ni mmoja, kaja na kuku mkononi. Je, wakija elfu themanini mikono mitupu?

Walikuja, mwaka 1997. Walikuwa wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda, waliokwisha kufukuzwa katika kambi za Kivu mwishoni mwa 1996 na kujikusanya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Tingi-Tingi ilipoanguka, walishika njia kwa miguu kuja Ubundu. Ndani ya umati ule walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na hilo halifichwi. Walikuwamo pia watoto wa kunyonya, vikongwe na wajawazito, watu ambao kosa lao lilikuwa kukimbia pamoja na wengine. Walivuka mto kwa mitumbwi, na wapo waliozama. Tarehe 15 Machi Kisangani ikatwaliwa na waasi wa AFDL, na umati ukakwama kwenye reli, mbele jeshi, kando msitu. Kufikia Aprili watu takriban 80,000 walikuwa wamepiga vibanda Lula kwenye kilomita 7, Kasese kwenye kilomita 25 na Biaro kwenye kilomita 41. Njaa, malaria na kipindupindu viliwapunguza kila siku.

Tarehe 21 na 22 Aprili mashambulizi yakaanza, Kasese kwanza, kisha Biaro. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inawataja askari wa AFDL na wa jeshi la Rwanda. Inawataja pia baadhi ya wanakijiji wa jirani walioingia na mapanga. Hapa kalamu inakuwa nzito, lakini wito unaoruka ukweli hauna haki ya kumwomba mtu chochote. Watu wa misaada waliporuhusiwa kufika walikuta kambi tupu. Waliookoka wakaanza kutoka porini mmoja mmoja, na treni yetu ikapewa kazi ya kuwapeleka hadi Kisangani, wakapande ndege za kurudishwa Rwanda. Tarehe 4 Mei mabehewa yalijazwa kupita kiasi. Treni ilipofika mwisho wa safari, watu 91 walikuwa wamekufa ndani yake kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Walikufa siku walipokuwa wakiokolewa. Nimefikiri juu ya treni ile mara nyingi zaidi kuliko hata juu ya mapanga, kwa sababu sidhani kama aliyeijaza aliwachukia. Alikuwa na haraka, naye alikwisha kuzoea kuwaona kama shehena.

Wengine walifungua milango. Marie Béatrice Umutesi, Mnyarwanda aliyetembea mamia kwa mamia ya kilomita kutoka Kivu hadi upande wa Mbandaka, aliandika habari za safari ile katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2000. Anawasimulia wauaji, na anawasimulia pia Wakongo waliompa pa kulala na kula wakati kumficha mkimbizi kulikuwa hatari. Nchi ile ile, msitu ule ule, njaa ile ile, na watu wakachagua mambo mawili tofauti. Wazee wa vijiji vya reli wanazijua hadithi za namna zote mbili. Wanaisimulia moja hadharani, na nyingine hawaisimulii.

Tungetarajia somo liwe limetuingia. Mwezi Februari 2023 mgogoro ukazuka Lubunga, pale pale reli inapoanzia, kati ya Wambole na Walengola, watu waliooana vizazi na vizazi na kuzikana. Chanzo kilikuwa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo, na nani alikuwa na haki ya kuitoa. Nyumba zikachomwa. Watu kwa mamia wakauawa. Moto ukafuata barabara kuingia Ubundu na Opala, na makumi ya maelfu wakavuka mto kwenda kulala kwenye madarasa na viwanja vya makanisa mjini Kisangani. Safari hii wakimbizi hawakutoka nchi nyingine. Walikuwa shemeji zetu.

Sitajifanya hakimu wa shamba la nani. Mahakama zipo, ofisi ya ardhi ipo, na machifu wanajua mipaka inapopita, wakiamua kuisema bila kwanza kupokea bahasha. Ninachoomba ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Mlengola anayejua mahali ilipokuwa nyumba ya jirani yake Mmbole aende akafyeke kile kiwanja kabla mwenyewe hajarudi. Na Mmbole afanye hivyo hivyo. Tusimsubiri gavana aje na maikrofoni. Wachungaji na maimamu, ninyi mnaozika watu wa pande zote mbili, someni majina ya marehemu wa pande zote mbili katika ibada moja. Walimu, mtoto aliyerudi shuleni baada ya mwaka kambini msimwulize kabila lake mbele ya wenzake, hata kwa mzaha. Mzaha wa darasani husikika mbali.

Na vile vituta vya makaburi ya Kasese na Biaro ambavyo wazee wanavijua, vifyekwe nyasi. Haidhuru waliolala pale walikuwa wa taifa gani. Anayezika mgeni vizuri hapungukiwi.

Hapa nahisi msomaji mmoja anataka kukunja karatasi, maana sasa nataka kusema juu ya wanyama. Tumetoka kwenye mauaji, atasema, wewe unatuletea kasuku? Avumilie kidogo. Sisemi uhai wa kasuku ni sawa na wa mtoto. Nasema mkono ni ule ule. Mkono uliozoea kukishika kiumbe hai kama gunia hauna mpaka wa wazi unaojua pa kukomea, na ile treni ya tarehe 4 Mei ni ushahidi.

Tazameni kinachopanda na kushuka Ubundu. Mamba mdogo aliyefungwa mdomo kwa kamba, kakaa juani siku nzima juu ya magunia ya makaa. Kobe waliopinduliwa chali ili wasitembee. Mbuzi aliyening'inizwa miguu juu kwenye mkono wa baiskeli, kichwa kikigonga spoku. Kasuku wa kijivu waliosongamana ndani ya tenga, waliokatwa mabawa, wengi wakifia njiani kabla ya kuuona uwanja wa ndege. Biashara ya kasuku hao baina ya mataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu Januari 2017, lakini tenga haliwezi kusoma mkataba, na mnunuzi yuko mbali. Anayeweza kukataa ni mwenye mashua, mwenye pikipiki, na yule kijana anayepanda mtini kuchukua makinda kwa bei ambayo hainunui hata sabuni ya mwezi.

Sisemi tusile nyama ya porini. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kijiji ambacho nyama ya ng'ombe hufika kwa bahati. Mama anayeuza nungu wa kukaushwa juu ya moshi analipa karo ya shule. Najua pia, na wawindaji wanajua kuliko mimi, kwamba wanyama wanasogea mbali mwaka hadi mwaka, na kwamba sokwe au bonobo huzaa mtoto mmoja kwa miaka kadhaa, kisha humbeba na kumlea kwa muda mrefu kama sisi. Ukimwona mtoto wa sokwe anauzwa amefungwa kamba kiunoni, jua mama yake ameshaliwa. Kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, kilichoanzishwa 2002, kimejaa mayatima wa aina hiyo. Baadhi hufika na vidonda vya mitego ya waya. Sisi wa Ubundu tuna bahati ya pekee: mto wetu ndio mpaka, sokwe wanaishi ng'ambo ya kulia, bonobo ng'ambo ya kushoto kuelekea Lomami, ambako hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba karibu 9,000 ilitangazwa mwaka 2016. Vyuo vingi duniani vingetamani ujirani huo. Sisi tunaupima kwa kilo.

Wala msiniambie huruma kwa wanyama ni jambo la wazungu. Wazungu tumewaona. Mwaka 1951 walikuja kupiga picha za sinema ya The African Queen kwenye mto Ruiki, ndani ya Ubundu hapa hapa, na mwongozaji wao, John Huston, alikuwa na hamu ya kuua tembo kuliko hamu ya kumaliza kazi. Heshima kwa viumbe ilikuwa kwetu kabla yake. Koo nyingi za msituni zina mnyama ambaye hazimli. Majirani zetu Walega, huko juu Maniema na Kivu, wanamheshimu kakakuona mkubwa, kwa kuwa wanasema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, majani yakilaliana kama magamba yake. Mtu anayeamini paa lake ni elimu ya mnyama hawezi kumwona mnyama huyo kama kitoweo tu. Leo magamba ya kakakuona yanauzwa mbali kama dawa, na sisi tunaezeka bati.

Basi ombi langu kwa upande huu ni la kazi za mikono. Wenye mashua na mapikipiki, kubalianeni bandarini: mnyama hai hafungwi miguu juu, hakai juani bila maji, na tenga la kasuku halipandi. Likija, mwenye chombo aseme nafasi hakuna. Mpigadebe wa kwanza kukataa atachekwa. Wa tatu atakuwa desturi. Wawindaji, jike mwenye mtoto mwacheni, na mtaa mmoja wa msitu mwuache upumzike msimu mzima, jambo ambalo babu zenu walilifanya bila semina. Wavuvi, nyavu za matundu ya vyandarua zinavua vifaranga vya samaki. Mnauza leo chakula cha mwaka kesho. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani mnaosoma sayansi ya viumbe, matokeo yenu yasiishie maktabani. Njooni myaeleze kwa Kiswahili, chini ya mwembe, mbele ya wawindaji, nanyi mtajifunza zaidi ya mtakayofundisha.

Mtu ataniuliza kama haya yote yataleta amani. Sijui mganga anayeuza dawa ya namna hiyo. Najua tu kwamba aliyejizoeza kumpa maji mbuzi wa mwenzake aliyefungwa bandarini, siku jirani akimkimbilia usiku na watoto wawili, mkono wake utakuwa tayari umeshajua kazi ya kumiminia kikombe. Na ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo atasimama mlangoni akipiga hesabu.

Tuanze na yaliyo karibu. Lubunga, kuna familia zimerudi bila mapaa: kila ukoo ulete miti, na vijana walete nyundo, mvua ikiwa bado haijakaza. Biaro na Kasese, wazee waonyeshe vijana vituta viko wapi. Ubundu, kamati ya wenye mashua ikutane bandarini Jumamosi. Na wewe mwenye mitego ya waya ambayo hujaikagua tangu Jumapili, ingia msituni kesho alfajiri uikague, na ile usiyoihitaji tena uing'oe.