Afasia: kiharusi kinapochukua maneno, akili ingali palepale

Kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, tunatangaza dalili zake: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Tunahimiza mgonjwa awahishwe hospitali, kwani kila dakika ina thamani. Ujumbe huo ni sahihi. Lakini wengi husalimika na kurudi kijijini, na huko hukutana na tatizo lisilotangazwa sana: mtu amerudi, maneno yake hayajarudi.

Hali hii huitwa afasia. Hutokea kiharusi kinapojeruhi sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, ambazo kwa watu wengi ziko upande wa kushoto. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Wengine huongea kwa wepesi ila maneno hayaleti maana. Wengine husema "ndiyo" wakimaanisha "hapana".

Hapo ndipo familia nyingi hupotoka. Mzee akishindwa kutaja jina la mwanawe, huambiwa amechanganyikiwa, au amerogwa. Kikao cha shamba hufanyika bila yeye. Namba yake ya siri ya simu huchukuliwa, ng'ombe wake huuzwa. Kumbe kukosa maneno si kusahau mipaka ya shamba wala watu anaowadai. Akikatizwa na kuchekwa mara nyingi, huacha kujaribu.

Nchini Tanzania wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Kwa hiyo mazoezi mengi yatafanyika nyumbani. Zimeni redio kwanza, hata kama ni sisi tunaosikika. Aongee naye mtu mmoja kwa wakati, kwa sentensi fupi, na asubiriwe bila kumaliziwa neno. Akijibu ndiyo au hapana, hakikisheni kwa kumwonyesha kitu chenyewe au picha kwenye simu. Kiswahili kikigoma, jaribuni lugha ya nyumbani, kwani moja inaweza kurudi kabla ya nyingine. Wapo wasioweza kutunga sentensi lakini huimba wimbo waliouzoea, anzieni hapo. Kisha mwacheni aende dukani kununua chumvi mwenyewe. Wengine huendelea kupata maneno hata baada ya miaka.

Liko pia la viongozi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanapokuja kuieleza kijijini, waulizeni: mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kwenda nyumbani, nani atamsaidia kuongea tena, na kwa gharama ya nani?

Kabla jibu halijaja, kikao kijacho cha familia kiko mikononi mwenu. Mwekeeni kiti, mpeni nafasi, na aulizwe yeye kwanza.